Barua ya wazi kwenu mnaoshika daftari la wapiga kura: jina la mama yetu lirudi

Waheshimiwa mnaosimamia uandikishaji wa wapiga kura, kuanzia viongozi wa tume mpaka karani anayekaa nyuma ya meza na ile mashine ya alama za vidole, shikamooni wale mlionizidi umri, na wengine poleni na kazi.

Naandika kwa niaba ya nyumba yetu nzima. Tumekaa tukaongea, mama, mimi, dada zangu wawili, shemeji na mdogo wetu wa mwisho, tukakubaliana kwamba hili jambo lisiishie sebuleni. Kwetu kura ni kitu kikubwa sana. Marehemu baba siku ya uchaguzi alikuwa anatuamsha wote, hata sisi tuliokuwa bado watoto, tunaongozana mpaka kituoni, wao wanaingia kwenye foleni sisi tunakaa pembeni tunawasubiri, afu wakitoka baba anatuonyesha kidole chake chenye wino halafu anamgeukia mama anamwambia na wewe waonyeshe chako. Kila uchaguzi alikuwa anasema hivyo hivyo, waonyeshe chako. Hakuwahi kumuuliza mama kampa nani, na sisi alitukataza kabisa kuuliza. Mimi nimekua nikijua kwamba kura ya mama ni ya mama, hata baba haimhusu.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Kipindi cha uhakiki wa daftari mama aliwahi sana, kuna giza bado, kashika mfuko wake wa nailoni wenye karatasi zake zote maana yeye karatasi haachi nyumbani. Zamu yake ikafika. Karani akaandika jina lililopo kwenye kitambulisho, halipo. Akarudia, halipo. Mama akamwambia karani, baba, jaribu jina la mume wangu, manake zamani alipojiandikisha mara ya kwanza karani wa wakati ule alimuuliza jina la mume akaliandika hilo hilo mwishoni, mama wala hakuombwa maoni. Likatokea. Tarehe ya kuzaliwa ileile, mtaa uleule, na picha ya mama akiwa bado na mashavu yake. Karani kaangalia picha, kamwangalia mama, kaangalia kitambulisho ambacho kina jina la babu yetu mzaa mama, akasema mama haya majina mawili, mfumo haukubali, nenda kalete cheti cha ndoa.

Cheti cha ndoa kilipotea tulivyohama nyumba, miaka mingi sana, na mwenye ndoa mwenzake yuko kaburini. Tukahangaika, tukamtafutia hati ya kiapo kwa wakili, tukalipa, tukarudi siku ya tatu tukaambiwa zoezi lilifungwa jana. Lilipobandikwa daftari ukutani dada yangu alipita na kidole mstari kwa mstari, akarudia kurasa zote. Jina la mama halipo, si lile la mume wala lile la baba yake. Yule mwanamke mwenye mashavu wa kwenye picha wamemfuta, na huyu wa leo hawajamuandika.

Mama alirudi nyumbani akakaa kwenye kochi hajavua hata viatu. Alikunja kile kikaratasi cha namba ya foleni akakirudisha kwenye mfuko wake pamoja na karatasi zingine, akasema basi, labda na mimi nimeshamaliza. Hilo neno ndo lililotufanya tuandike.

Nataka niseme mapema, yule kijana karani hakuwa na jeuri. Alimwita mama, alimpa kiti, alimsikiliza. Alikuwa anafuata maelekezo, na maelekezo yanatoka kwenu.

Dada yangu mkubwa ni mtu wa historia, na usiku ule alitutolea habari ya mwanamke mmoja wa Marekani anaitwa Lucy Stone, na tangu siku hiyo sijaacha kumsoma yeye na ukoo wa mume wake. Nawaomba mnivumilie niwaeleze, kwa sababu nilipofika kwenye mwaka 1879 nilihisi namsoma mama yangu.

Lucy alizaliwa 1818 huko Massachusetts, shambani, akasomea chuo cha Oberlin akamaliza 1847, mwanamke wa kwanza wa jimbo lake kupata digrii. Akawa mzungumzaji wa majukwaani, anapinga utumwa na anadai haki za wanawake, kwenye dunia ambayo mwanamke kusimama mbele ya wanaume akaongea ilikuwa ni aibu. Aliapa kutoolewa, na kwa sheria za wakati ule unamwelewa, maana mwanamke akiolewa kisheria anamezwa na mume, mali ya mume, mshahara wa mume, watoto wa mume. Akatokea Henry Blackwell akambembeleza karibu miaka miwili mpaka akakubali. Tarehe 1 Mei 1855 wakaoana, na kabla ya kiapo wakasoma tamko walilosaini wote wawili, kwamba hawazitambui sheria zinazompa mume mamlaka juu ya mwili wa mke, mali yake na watoto wake. Bwana harusi ndo kalisoma, mbele ya wageni. Mwaka uliofuata Lucy akaamua kubaki na jina lake la kuzaliwa. Aliuliza kwanza wanasheria, wakamwambia hakuna sheria inayomlazimisha mke kuchukua jina la mume, ni mazoea tu. Hilo neno mazoea naomba mlishike, tutarudi nalo.

Ukoo wa huyo Henry nao ni wa peke yake. Baba yao alikuwa mtengeneza sukari kutoka Bristol, Uingereza, akahamia Marekani na familia nzima 1832, na ingawa sukari ndo ilikuwa inamlisha alikuwa anauchukia utumwa uliokuwa nyuma ya ile sukari. Alifariki 1838 Cincinnati akaacha mjane na watoto tisa na hela hamna. Kati ya hao watoto akatoka Elizabeth, mwanamke wa kwanza kupata digrii ya udaktari Marekani, 1849, na mdogo wake Emily akafuata 1854. Kaka yao Samuel akamuoa Antoinette Brown, rafiki wa Lucy tangu Oberlin, ambaye alishawekewa mikono kuwa mchungaji 1853 kule South Butler, New York. Fikiria meza ya chakula ya hao watu! Madaktari wawili wanawake, mchungaji mwanamke, na mawifi wanaopanga ziara za mikutano huku mtu ana mtoto mgongoni. Na wanaume wa nyumba ile hawakukaa pembeni wakangoja. Hicho ndo kilinigusa kuliko digrii zao, maana ni baba yangu yule anasema waonyeshe chako.

Desemba 1857 Lucy na Henry walikuwa wanakaa Orange, New Jersey, kwenye nyumba iliyoandikwa jina la Lucy. Bili ya kodi ikaja. Lucy akairudisha bila kulipa na barua fupi, kwamba wanawake wanatozwa kodi na hawana mwakilishi, na yeye hatalipa mpaka hilo lirekebishwe. Januari 1858 serikali ya mji ikaja ikanadi vitu vya nyumbani, meza, viti, picha za ukutani. Mtoto wao Alice alikuwa hajamaliza hata miezi mitano. Jirani mmoja akavinunua vile vitu kwenye mnada akawarudishia wenyewe. Kila nikisoma hapo namfikiria huyo jirani, hakuandika kitabu, hakupanda jukwaani, alibeba meza akairudisha ndani basi.

Na hapo New Jersey kuna jambo ambalo nyie wenye kushika madaftari mnapaswa kulijua kuliko mtu mwingine yeyote. Wanawake wa jimbo lile walishawahi kupiga kura. Katiba yao ya 1776 iliwapa kura wakazi wote wenye mali ya pauni 50, haikusema mwanaume, na sheria ya 1797 iliandika kabisa mpiga kura wa kike na wa kiume. Kwahiyo wajane na wanawake wasioolewa wenye mali walikuwa wanaenda wanapiga, na watu weusi huru wenye mali vilevile. Walioolewa hawakuweza kwa sababu mali yao ilishakuwa ya mume. Ikaja 1807, ukatokea ugomvi wa wapi pajengwe mahakama ya kaunti ya Essex, Newark au Elizabeth, ikapigwa kura yenye udanganyifu wa kutisha, watu wanapiga mara mbili mbili, ikasemekana mpaka wanaume walivaa nguo za kike wakarudi kupiga tena. Mwisho wa mwaka bunge la jimbo likasema linasafisha uchaguzi. Na namna ya kuusafisha ikawa kuwaondoa wanawake wote na watu weusi wote, akabaki mwanaume mweupe mlipa kodi. Walioiba hawakupoteza kitu!

Hiyo ndo hofu yetu kila tukisikia neno kusafisha daftari. Hatukatai kusafisha, wafu waondolewe, mtu aliyejiandikisha sehemu mbili abaki na moja, hilo ni sawa na sisi tunalitaka maana kura ya marehemu inaiba ya aliye hai. Ila kila mnapopiga ufagio angalieni na nani yuko kwenye takataka.

Novemba 1868 Lucy akajaribu kupiga kura kule Roseville hapohapo New Jersey, yuko na mama mkwe wake, bibi Hannah Blackwell, mjane yuleyule aliyeachiwa watoto tisa. Wakakataliwa wote wawili. Mwezi huohuo mji wa Vineland kwenye jimbo hilo wanawake 172, wanne kati yao weusi, walileta boksi lao wenyewe, wakakaa siku nzima wakapiga kura ambazo walijua hakuna atakayezihesabu. Wanawake 172 wanafanya zoezi kamili, foleni, karatasi, boksi, kuhesabu, wakati matokeo rasmi yanatangazwa bila wao! Mama nilipomsimulia hii alicheka kwanza, halafu akanyamaza muda mrefu.

Sitaki nionekane nimewapamba hawa watu. Henry mwaka 1867 aliandika na yeye barua ya wazi, kwa mabunge ya majimbo ya kusini, akawaambia wakiwapa wanawake kura basi wazungu watabaki wengi kuliko weusi na hawatakuwa na cha kuogopa. Mtu aliyelelewa kwenye nyumba ya kupinga utumwa! Nilipofika hapo niliweka simu chini, iliniuma. Dada akaniambia usimalizie njiani, endelea, na kweli 1869 chama chao cha kudai haki sawa kilipopasuka kwa sababu ya marekebisho ya 15 ya katiba, yale ya kuwapa wanaume weusi kura, wenzao wengine wakubwa waliyapinga kwamba wanawake wameachwa, Lucy na Henry wakayaunga mkono. Lucy alisema mkutanoni kwamba atashukuru rohoni mwake yeyote akiweza kutoka kwenye lile shimo la kutisha la kunyimwa kura. Hata na uchungu wake wa kuachwa alisema hivyo. Ila ile barua ya Henry ipo na haifutiki, na tunaiweka hapa kwa sababu mtu anaweza kudai haki ya mke wake huku anaigeuza kuwa fimbo ya kumpigia jirani.

Sasa 1879. Massachusetts ikapitisha sheria wanawake waruhusiwe kupiga kura ya kamati za shule, hiyo tu, si gavana si rais, kamati ya shule. Lucy alikuwa na miaka kama 60, amepiga kelele majukwaani zaidi ya miaka 30, gazeti lake la Woman's Journal linatoka kila wiki tangu Januari 1870. Akaenda kujiandikisha. Akaandika Lucy Stone. Wasimamizi wa daftari wakamwambia wewe ni mke wa Blackwell, ongeza Blackwell. Akakataa. Wakalifuta jina lake.

Sheria ilishabadilika, haki ilishapatikana, ndogo lakini imepatikana, akaja kukwama mezani. Kwenye daftari. Kwa jina ambalo amelitumia maisha yake yote na kila mtu kwenye ule mji anamjua kwa hilo, na wale wanasheria walishamwambia miaka 23 nyuma kwamba ni mazoea tu. Yale mazoea nimewaambia mshike ndo haya, yamekaa nyuma ya meza ya kuandikisha yakavaa koti la sheria. Lucy alifariki Oktoba 1893, mwezi mmoja baada ya New Zealand kuwapa wanawake kura, na yeye hakuwahi kuruhusiwa kuweka kura yake kwenye boksi. Alimnong'oneza binti yake Alice maneno ya mwisho, kwamba aifanye dunia iwe bora zaidi.

Lucy walimfuta kwa sababu hakuandikwa jina la mume. Mama yangu amefutwa kwa sababu aliandikwa jina la mume. Naomba msome hiyo sentensi mara mbili, halafu mniambie mwanamke aandikwe vipi ndo akubalike.

Na haya hayajabaki kwenye miaka 1800 huko. Marekani kwenyewe Aprili 2025 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kumtaka anayejiandikisha alete hati za kuthibitisha uraia, hoja yao ni kuzuia wasio raia wasipige kura, na kelele kubwa ya wanaoupinga ikawa hiyohiyo, mamilioni ya wanawake walioolewa wakabadili jina, cheti cha kuzaliwa kina jina moja na kitambulisho kina lingine. Wanaotetea muswada wanasema majimbo yataweka utaratibu wa kushughulikia hilo. Mimi nawaambia kama mtoto wa mama aliyeambiwa alete cheti, utaratibu ambao haupo mezani siku ya kuandikisha haupo.

Mfano mwingine nautoa kwa kifupi maana huu unajulikana zaidi. Wanaume weusi walipata kura kikatiba 1870, afu ikachukua mpaka sheria ya 1965 kuwaondolea vizuizi vilivyokuwa mezani kwa karani. Fannie Lou Hamer, mwanamke mweusi, tarehe 31 Agosti 1962 alienda Indianola, Mississippi, na wenzake 17 kwenye basi, kuandikishwa tu. Karani akampa kifungu cha katiba ya jimbo aeleze maana ya sheria za de facto, yaani zile zinazofuatwa kwa vitendo bila kuandikwa, mama wa shambani anayechuma pamba. Akafeli. Usiku uleule akafukuzwa kwenye shamba alilofanyia kazi miaka 18. Akarudi tena kufanya ule mtihani, akafaulu mara ya tatu, Januari 1963. Hapo tena tatizo halikuwa siku ya kupiga kura. Watu wengi wanaangalia siku ya kura, kamera, waangalizi, mabox yamefungwa vizuri, na kumbe aliyeondolewa ameshaondolewa miezi mingi nyuma, kimya kimya, mchana, na mtu mmoja mwenye kalamu. Ndo maana barua hii hatujaiandikia wagombea. Tumewaandikia nyie.

Tunachowaomba ni vitu ambavyo mnaviweza bila hata kubadili katiba.

Jina likigongana na kitambulisho, na tarehe ya kuzaliwa ni ileile, picha ni ileile, vidole ni vilevile, basi mrekebisheni palepale. Mmenunua mashine ya vidole kwa hela ya walipa kodi, kidole hakiolewi wala hakipewi talaka! Mama aliweka kidole mara nne siku ile na mashine ikamtambua, kilichomkataa ni kale kasanduku ka jina. Kwanini kidole kikubali halafu herufi ndo zishinde?

Kiapo kichukuliwe hapo kituoni na bure. Mwenye hela anapata wakili siku moja, asiye na hela anakosa uchaguzi mzima. Wekeni fomu ya kuapa mezani, asaini mbele ya msimamizi na shahidi mmoja anayemjua, akidanganya ashtakiwe, sheria za kuadhibu uongo wa kiapo zipo tangu zamani.

Na msifute mtu hajaambiwa. Hili ndo kubwa kuliko yote kwetu, dada zangu wamenisisitiza niliandike hivi hivi. Mnatutumia meseji za kila aina, mnajua namba zetu, mnajua mtaa, basi kabla hamjamwondoa mtu mpelekeeni taarifa, mpeni siku za kutosha za kujibu, na mahali pa kwenda panapofikika kwa miguu. Daftari la awali libandikwe mapema, kwa herufi ambazo mtu mwenye umri wa mama anaweza kuzisoma bila kuazima macho ya mjukuu. Akikata rufaa asilipishwe, na ajibiwe kabla ya uchaguzi, kwa maandishi.

Tena wafundisheni makarani kuuliza swali tofauti. Badala ya mama una jina la mume gani, waulize mama wewe unaitwa nani. Liandikwe analosema na lililopo kwenye kitambulisho chake, na kama lipo la zamani liwekwe pembeni kama jina la awali, mfumo wowote wa kompyuta unaweza kubeba hiyo nafasi moja ya ziada. Wanawake wanaolewa, wanaachika, wanafiwa, wanabadili dini, wanarudia majina ya baba zao, na wanaume pia wapo waliosajiliwa jina la ukoo shuleni na la babu kwenye cheti. Maisha yanabadilisha majina, mtu ni yuleyule.

Najua mtaniambia kazi ni kubwa, watu ni mamilioni, makarani wanalipwa kidogo na muda ni mfupi. Naamini. Mjomba wetu aliwahi kufanya hiyo kazi ya muda, alikuwa anarudi usiku macho mekundu. Ila ugumu wa kazi usigeuke mzigo wa mama mjane. Zoezi likiwa fupi mno liongezwe siku, hilo liko mikononi mwenu na mmeshawahi kulifanya kwa sababu ndogo kuliko hii.

Kuna mtu mmoja wa ule ukoo sijamalizia habari yake. Antoinette, yule mchungaji, mke wa Samuel Blackwell. Alihudhuria mkutano mkuu wa kwanza wa kitaifa wa haki za wanawake kule Worcester 1850, akiwa binti wa miaka 25. Akawazika karibu wote aliokuwa nao pale. Lucy kafa, Henry kafa 1909, Massachusetts 1915 wanaume wakapiga kura ya kuwanyima wanawake tena, yeye yupo tu. Marekebisho ya 19 ya katiba, yale ya kuwapa wanawake kura, yalipopita Agosti 1920 alikuwa na miaka 95, na Novemba 2 mwaka huo akapelekwa kituoni akapiga kura yake. Alipigia katika mji wa Elizabeth, New Jersey. Ndio, Elizabeth ileile ya ugomvi wa mahakama, iliyowaponza wanawake wa jimbo zima wakafutwa 1807. Ilichukua miaka 113 mwanamke kusimama tena hapo kihalali na karatasi ya kura mkononi, na aliyesimama alikuwa ni bibi aliyeanza kuidai akiwa msichana. Mwaka uliofuata akafariki.

Mama yetu ana miaka 71. Tulipomsimulia hii ya Antoinette hakusema kitu, ila kesho yake asubuhi nilimkuta ameumwaga ule mfuko wa nailoni kitandani anapanga karatasi upya, kitambulisho juu, kadi ya zamani ya kupigia kura chini yake, hati ya kiapo, na kile kikaratasi cha namba ya foleni kakinyoosha na kiganja. Nikamuuliza hicho cha nini tena, namba imeshapita. Akasema nitawaonyesha kwamba nilikuja.

Mkitangaza dirisha lingine la uhakiki tutakuja naye wote. Tunaomba jibu lenu kabla ya hapo.

Ni sisi, nyumba moja yenye wapiga kura watano walioko kwenye daftari na mmoja anayesubiri mumrudishe.